Nyuki wa Maabara na Wachavushaji wa Shambani

Mwanzoni mwa Mei 2008, wafugaji nyuki wa bonde la mto Rhine, kusini-magharibi mwa Ujerumani, walikuta nyuki wao wametapakaa chini mbele ya mizinga. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Wengine walitetemeka na kuzunguka papo hapo, mabawa yapo lakini kuruka hawawezi. Habari zilipokusanywa kutoka kijiji hadi kijiji katika jimbo la Baden-Württemberg, makundi zaidi ya 11,000 ya nyuki yalionekana kuathirika. Taasisi ya Julius Kühn ilichunguza mizoga na kukuta klothianidini, dawa ya wadudu iliyokuwa imepakwa kwenye mbegu za mahindi.

Dawa hiyo ilikuwa na kibali halali. Wataalamu walijua fika kwamba ni kali kwa nyuki, lakini hesabu yao ilikuwa kwamba mbegu ikishafukiwa ardhini, nyuki hana pa kukutana nayo. Msimu ule sehemu ya mbegu haikushikwa vizuri na gundi yake. Zilipopita katika mashine za kupandia zinazosukuma hewa, dawa ilibanduka, ikatoka kama vumbi, na upepo ukaipeleka kwenye maua ya mashamba jirani. Tarehe 15 Mei serikali ya Ujerumani ilisimamisha vibali vya dawa nane za kupaka mbegu.

Kilichokosewa pale hakikuwa kipimo cha ukali wa sumu. Kipimo kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni swali moja: je, vumbi? Hakuna aliyeliuliza kwa uzito uliostahili, na nyuki ndio waliolijibu.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo ni juu ya maswali ya aina hiyo. Kabla dawa ya shamba haijafika dukani, huwa inapimwa ili ijulikane itawafanya nini wadudu wanaochavusha maua. Inafaa kujua inapimwa vipi, inapimwa kwa mdudu gani, na nini kinabaki nje ya kipimo. Jambo hili linagusa chakula moja kwa moja. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 na IPBES, jopo la serikali mbalimbali linalofuatilia hali ya viumbe hai, ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wanyama wachavushaji. Mahindi, mpunga na ngano huchavushwa na upepo au hujichavusha yenyewe. Lakini maboga, matikiti, maembe, mapapai, korosho, kahawa, alizeti na maharage yote yana deni kwa mdudu fulani.

Tuanze na maabara. Kipimo cha kwanza kinachotumika karibu dunia nzima ni rahisi kueleza. Nyuki wa asali, wale wa kufugwa, hukusanywa kumi kumi na kuwekwa katika vizimba vidogo, gizani, kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Hulishwa maji ya sukari yaliyochanganywa na dawa, au hudondoshewa tone la dawa mgongoni. Kila kundi la vizimba hupewa kiwango chake, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Baada ya saa 24, kisha saa 48, waliokufa huhesabiwa. Kiwango kinachoua nusu ya nyuki ndicho kinachoandikwa kwenye majalada kuwa ukali wa dawa hiyo.

Namba zinazotoka hapo zinashtua. Kwa DDT, dawa iliyotikisa dunia katika karne iliyopita, kiwango hicho ni kama mikrogramu 27 kwa nyuki mmoja. Kwa imidaklopridi, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuwa miongoni mwa dawa za wadudu zinazotumiwa zaidi duniani, kiwango cha kumeza ni mikrogramu 0.0037. Ni tofauti ya zaidi ya mara 7,000. Gramu moja ya imidaklopridi ikigawanywa kwa vipimo hivyo hutoa vipimo milioni 270.

Hata hivyo ukali peke yake hausemi yote. Dawa kali iliyofungiwa ndani ya kopo haimdhuru mdudu yeyote, na dawa ya wastani inayomwagwa kwa wingi juu ya maua inaweza kumaliza kundi zima. Hatari huzaliwa pale ukali unapokutana na kiasi kinachomfikia mdudu. Ndiyo maana, kwa dawa za kupulizia, wapimaji walibuni hesabu fupi: chukua gramu za dawa zinazotumika katika hekta moja, gawanya kwa kile kiwango cha mikrogramu kinachoua nusu ya nyuki. Jibu likiwa chini ya 50, hatari inahesabiwa kuwa ndogo. Likizidi 50, uchunguzi unapanda ngazi: nyuki huwekwa na kundi lao ndani ya hema la wavu lenye mimea iliyochanua na kupuliziwa dawa, na ikibidi, mizinga hupelekwa kwenye shamba halisi.

Chukua mfano. Dawa inatumika kwa gramu 100 kwa hekta, na kiwango chake cha kuua ni mikrogramu 10. Jibu ni 10, dawa inapita. Nyingine inatumika kwa gramu hizo hizo 100, lakini kiwango chake ni mikrogramu 0.1. Jibu ni 1,000, dawa haipiti bila uchunguzi wa ziada. Ni hesabu nyepesi, ya haki kwa kila kampuni, na kwa dawa za zamani zilizoua kwa kugusa ilifanya kazi nzuri.

Kisha zikaja dawa zinazosafiri ndani ya mmea.

Imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu ni za ukoo mmoja, neonikotinoidi, na hushika mahali pale pale kwenye neva za mdudu ambapo nikotini ya tumbaku hushika. Sifa kubwa ya dawa hizi ni kwamba mmea huzifyonza. Ukizipaka kwenye mbegu, hupanda pamoja na maji ya mmea hadi kwenye majani, na sehemu ndogo hufika mpaka kwenye chavua na mbochi. Mkulima hahitaji kupulizia, na dawa haionekani. Mdudu anayekuja kunywa mbochi anapokea kidogo leo, kidogo kesho, na kidogo keshokutwa, muda wote ua linapodumu. Hesabu ya kugawanya gramu za hekta haikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Wafugaji nyuki wa Ufaransa ndio waliokuwa wa kwanza kupaza sauti. Katikati ya miaka ya 1990 walilalamika kwamba alizeti zikichanua, nyuki wanatoka na hawarudi. Mbele ya mizinga hapakuwa na rundo la mizoga la kumwonyesha mkaguzi. Mizinga ilikuwa inapungukiwa tu. Mbegu za alizeti zilikuwa zimepakwa imidaklopridi chini ya jina la biashara Gaucho. Januari 1999 serikali ya Ufaransa ilisimamisha matumizi hayo kwa alizeti, na mwaka 2004 kwa mahindi. Mabishano ya kisayansi yalidumu miaka mingi, kwa sababu kipimo rasmi kilihesabu waliokufa ndani ya kizimba, na nyuki wale walikuwa wamepotea nje.

Jibu lenye nguvu lilikuja mwaka 2012. Watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Mickaël Henry waliwabandika nyuki zaidi ya 600 vitambulisho vidogo vya kielektroniki mgongoni, wakawapa baadhi yao kiasi cha thiamethoksamu kisichoua, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Mlangoni mwa mzinga kulikuwa na chombo kinachosoma kila anayeingia. Nyuki waliopewa dawa walishindwa kurudi kwa wingi kuliko wenzao, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliotolewa mahali wasipopazoea. Dawa haikuwaua. Iliwapotezea njia, na nyuki asiyejua njia ya nyumbani haoni asubuhi nyingi.

Mwaka huo huo, Penelope Whitehorn, Dave Goulson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walitoa matokeo ya nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi. Makundi yaliyolishwa imidaklopridi kwa kiasi kinachofanana na cha shambani yalitoa malkia wapya pungufu kwa asilimia 85. Kwa nyuki hawa, malkia mpya ndiye mbegu ya mwaka unaofuata. Wengine wote hufa baridi ikiingia. Kizimba cha saa 48 kingewezaje kuona upungufu wa malkia?

Utafiti wa tatu ndio unaowahusu zaidi watu wa Afrika Mashariki, ingawa ulifanyika Uswidi. Maj Rundlöf na wenzake walichukua mashamba 16 ya rapa, zao la mafuta lenye maua ya manjano, wakapanda nusu yake kwa mbegu zilizopakwa klothianidini na nusu kwa mbegu zisizo na dawa hiyo ya wadudu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Makundi ya nyuki wa asali hayakuonyesha madhara ya kuonekana wazi. Nyuki wa porini walipungua mashambani, makundi ya Bombus yalikua kidogo, na nyuki wapweke, wale ambao kila jike hujenga kiota chake mwenyewe, walishindwa kuzaliana pale penye dawa.

Mashamba yale yale, dawa ile ile, majibu mawili tofauti. Sababu haiko mbali. Kundi la nyuki wa asali lina vibarua makumi ya maelfu. Wakipotea mia tano, malkia anaendelea kutaga na wengine wanajaza pengo. Nyuki mpweke hana kibarua. Yeye ndiye mjenzi, mtafuta chakula na mama. Akipotea yeye, kizazi chake kimeishia hapo. Kwa hiyo dawa inaweza kupita mtihani wa nyuki wa asali kwa alama nzuri huku ikiangamiza wachavushaji ambao hawakuwahi kuitwa kwenye chumba cha mtihani.

Canada ikaongeza ushahidi mwingine mwaka 2021. Susan Willis Chan na Nigel Raine wa Chuo Kikuu cha Guelph walimchunguza nyuki mmoja anayependa maboga na kuchimba kiota chake ardhini, mara nyingi ndani ya shamba lenyewe. Mahali ambapo imidaklopridi ilimwagwa kwenye udongo wakati wa kupanda, nyuki hao walichimba viota pungufu kwa asilimia 85 na kuacha watoto pungufu kwa asilimia 89. Spishi nyingi za nyuki duniani huishi ardhini. Nyuki wa asali haishi ardhini, kwa hiyo kipimo kilichojengwa juu yake hakina habari ya udongo.

Kuna pengo jingine, nalo ni la bomba la kupulizia. Maabara hupima dawa moja moja. Mkulima huchanganya. Aiwerasia Ngowi na wenzake walipowahoji wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba kama theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa katika bomba moja, mara nyingi hadi tatu kwa pamoja, na hapakuwa na maelekezo ya michanganyiko hiyo kutoka kwenye lebo wala kwa maafisa ugani. Mkulima wa nyanya ana mantiki yake: ukungu umeingia, viwavi wameingia, kibarua wa kupulizia analipwa kwa siku, basi dawa zote ziende mara moja.

Nyuki analipaje mchanganyiko huo? Mwili wake una vimeng'enya vinavyovunja sumu. Baadhi ya dawa za ukungu, zenyewe zikiwa pole kwa nyuki, huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Jaribio la maabara la T. Iwasa na wenzake, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kwamba dawa ya ukungu iitwayo propikonazoli ilipotangulia, ukali wa thiaklopridi, neonikotinoidi nyingine, kwa nyuki uliongezeka zaidi ya mara 500. Kwa imidaklopridi ongezeko lilikuwa dogo sana. Maana yake ni kwamba huwezi kukisia. Kila mchanganyiko una tabia yake, na ule unaotumiwa na watu wengi ndio unaostahili kupimwa kwanza.

Ulaya ilichukua muda mrefu kuyaingiza haya katika sheria. Januari 2013 mamlaka yake ya usalama wa chakula, EFSA, ilitoa maoni juu ya zile neonikotinoidi tatu, na kuanzia Desemba mwaka huo matumizi yake kwenye mazao yanayovutia nyuki yakawekewa mipaka. Februari 2018 EFSA ilirudi na tathmini pana zaidi, iliyowahusisha nyuki wa asali, Bombus na nyuki wapweke, na kusema kwamba matumizi mengi ya dawa hizo yana hatari kwao. Tarehe 27 Aprili 2018 nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zilipiga kura kuyakataza matumizi yote ya nje, zikaacha yale ya ndani ya nyumba za kioo za kudumu. Kampuni ya Bayer ilikuwa imeipinga ile mipaka ya mwaka 2013, ikakata rufaa hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Mei 2021 iliikataa rufaa hiyo.

Ni haki kueleza na upande wa pili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulioongozwa na Ben Woodcock katika Uingereza, Ujerumani na Hungaria ulikuta madhara kwa nyuki wa asali katika Hungaria na Uingereza, lakini sio Ujerumani, ambako nyuki walikuwa na maua mengine mengi ya kula na afya nzuri zaidi. Wakulima wa viazisukari wa Ufaransa nao walipata hasara ya kweli mwaka 2020, pale vidukari walipoeneza virusi vya umanjano mashambani, na serikali ikawaruhusu kwa muda kurudia mbegu zilizopakwa. Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba ruhusa za dharura haziwezi kutolewa kwa mbegu zilizopakwa dawa zilizokwisha katazwa. Kumnyima mkulima dawa bila kumpa njia nyingine ni kumwachia mzigo peke yake.

Turudi nyumbani. Huko Nguruman, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza nani hasa anachavusha bilinganya. Ua la bilinganya huficha chavua ndani ya vifuko vyenye matundu madogo kwenye ncha. Ili itoke, nyuki lazima alikumbatie ua na kulitikisa kwa mtetemo wa misuli yake. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Waliokuwa nao ni nyuki wa porini, wakiwemo yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao, Xylocopa caffra, na mdogo aitwaye Macronomia rufipes. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba nyuki hao hutegemea uoto wa asili uliolizunguka shamba. Nyanya nayo ni ya ukoo huo wa maua ya kutikiswa. Basi kibali kinachosema dawa ni salama kwa nyuki wa asali hakimwambii mkulima wa bilinganya chochote kuhusu mdudu anayempa bilinganya.

Katika Bonde la Kerio, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, alifuatilia mipapai. Kila mkulima anaujua mpapai dume na mpapai jike, na wengine huukata dume kwa kuwa hauzai. Martins alionyesha kwamba anayebeba chavua kutoka dume kwenda jike ni nondo wakubwa wenye mbio, wanaotoka jua linapozama. Hapa ushauri wa siku zote unapata mtihani. Mkulima huambiwa apulizie dawa jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Ni ushauri mzuri kwa alizeti na matikiti. Kwa mpapai, jioni ndiyo saa ya kazi ya mchavushaji wake.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Alice Classen na wenzake walipima kahawa na kukuta, katika utafiti wa mwaka 2014, kwamba wadudu wanaotembelea maua waliongeza uzito wa tunda kwa wastani wa asilimia 7.4. Kahawa ya arabika huweza kujichavusha, na bado mdudu anaiongezea uzito. Na magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kakamega na mashamba yanayopakana nao, Mary Gikungu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ameorodhesha spishi nyingi za nyuki. Miongoni mwao ni nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao inajulikana na kupendwa kote Afrika Mashariki. Ni wangapi kati ya hao waliowahi kutajwa katika jalada la kibali cha dawa?

Ukweli mwingine usifichwe. Mwaka 2014 Elliud Muli na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyuki wa asali katika sehemu nyingi za Kenya. Utitiri aina ya Varroa ulikuwa umeenea karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini mabaki ya dawa za shamba ndani ya mizinga yalikuwa machache, na nyuki walionekana kustahimili. Hiyo ni habari njema, na ni habari ya wakati ule na ya nyuki wa asali. Inatoa nafasi ya kutenda mapema, kabla ya kufika walikofika wenzetu wa Rhine.

Pia isidhaniwe kwamba kitu cha asili hakina madhara. Pareto, ua jeupe linalolimwa Kenya, Tanzania na Rwanda, hutoa sumu kali sana kwa nyuki. Uzuri wake ni kwamba huvunjika upesi ikipigwa na jua. Binamu zake wa viwandani waliundwa makusudi wadumu juani, na ndio walio katika dawa nyingi za dukani. Kwa mdudu, jina la asili au la kiwandani halina uzito. Kinachoamua ni ukali, kiasi na muda.

Kwamba uchaguzi bora unawezekana, nzige wa mwaka 2020 walithibitisha. Makundi yalipoingia Somalia, Ethiopia na Kenya, dawa za kemikali zilipuliziwa maeneo mengi, na baadhi yake, kama fenitrothioni na klorpirifosi, zina hatari kubwa kwa nyuki. Somalia ilitegemea kwa kiasi kikubwa dawa ya kuvu, Metarhizium acridum, inayowashambulia nzige na jamaa zao na kuwaacha nyuki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikuwa limeshapanga dawa za nzige kwa hatari zake kwa viumbe vingine, wakiwemo nyuki. Tathmini ilifanywa kabla ya janga, na ilipohitajika ilikuwa mezani.

Basi nini kifanyike? Kwanza ni kwa wanaotoa vibali. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya ina Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Visumbufu, na nchi jirani zina vyombo vyao. Mwaka 2019 ombi lilifikishwa katika Bunge la Kenya na mbunge Gladys Shollei, likitaka dawa hatari zichunguzwe na kuondolewa sokoni. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, lakini kunakili orodha ya Ulaya peke yake hakutoshi, kwa sababu dawa moja ikiondolewa bila mpango, mkulima anaweza kurukia nyingine ya zamani inayomdhuru yeye mwenyewe. Vyombo hivi vinapaswa kudai vipimo vya nyuki wa Afrika na walau mchavushaji mmoja wa porini, vya muda mrefu kuliko saa 48, na vya ile michanganyiko inayotiwa kweli katika mabomba ya wakulima. Maabara zipo na wataalamu wapo. Kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, jijini Nairobi kina maabara ya rejea ya afya ya nyuki kwa bara zima tangu mwaka 2014.

Pili ni lebo. Iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, itaje zao, itaje wakati wa maua, na iseme wazi dawa ipi haichanganywi na ipi. Afisa ugani apewe mafunzo ya wachavushaji wa zao analolisimamia, ili ushauri wa mpapai usiwe ule ule wa tikiti.

Mkulima naye ana uwezo mkubwa kuliko anavyoambiwa. Akague shamba kwanza na kupulizia pale tu wadudu waharibifu wanapofikia kiwango cha kuleta hasara. Wataalamu huuita udhibiti husishi, na unaokoa fedha pia. Asipulizie dawa ya wadudu zao likiwa limechanua. Aache ukingo wenye maua ya porini, maana ndiko wachavushaji wanakokula zao likiwa bado. Kwa mahindi, mbinu ya vuta-sukuma iliyoendelezwa na icipe na washirika wake, ya kuotesha desmodiamu katikati ya mistari na majani ya malisho pembezoni, hupunguza viwavi wa mabua bila dawa ya wadudu.

Na mfugaji nyuki wa Singida, Tabora, Kitui au Baringo asinyamaze anapokuta nyuki wamekufa kwa wingi ghafla. Awaokote wakiwa bado wabichi, awafunge kwenye karatasi ya alumini, awaweke kwenye friza, aandike tarehe, saa na mazao yaliyochanua jirani, kisha atoe taarifa kwa afisa nyuki au afisa kilimo siku hiyo hiyo. Mabaki ya dawa hupotea upesi, na bila sampuli malalamiko yanabaki maneno. Ufaransa ilisikiliza kwa sababu wafugaji hawakuacha kusema mwaka hadi mwaka.

Msikilizaji, msimu ujao ukienda duka la pembejeo, kabla ya kulipa muulize muuzaji maswali mawili: dawa hii ikipuliziwa wakati wa maua inafanya nini kwa wadudu wanaochavusha, na inaweza kuchanganywa na ile nyingine uliyonayo nyumbani? Asipokuwa na jibu, peleka swali hilo kwa afisa ugani wako, na afisa ugani alipeleke kwa mamlaka iliyotoa kibali. Hao ndio wenye wajibu wa kulijibu.